Pedeli za Mama Mkwe

Bodaboda sipandi. Nimeshasema na narudia, mniite mshamba, mniite mkorofi, sipandi. Mara ya mwisho kijana alinitoa sokoni kunirudisha Nsemulwa huku simu kaibana kati ya sikio na bega, anacheka na mtu wake, na tulipofika kwenye kona akanimwaga mtaroni mimi na vitenge vya wateja. Nikiwa bado nimekaa kwenye tope ananiuliza, "Mama, mbona hukushika?" Haki ya Mungu, kama ningekuwa na mkasi karibu, sijui. Siku ile niliapa kwamba popote ninapokwenda nitakwenda kwa miguu yangu au kwa baiskeli yangu.

Na baiskeli ninayo. Ni ya gia, mtumba, rangi ya bluu iliyopauka, nimeizoea kuliko kitanda changu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo mchana nakanyaga pedeli ya cherehani, asubuhi na jioni nakanyaga pedeli ya baiskeli. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba akinizika ataniwekea pedeli miguuni ili nisichoke kwa kukaa bure. Akatangulia yeye, mimi bado nakanyaga.

Sasa hilo goti. Goti la kushoto lilianza kama mzaha. Nikishuka kwenye baiskeli linauma kidogo, nikilisugua linanyamaza. Baadaye likawa halinyamazi. Nikipanda kile kilima cha kwenda Magamba linawaka upande wa ndani, kama mtu ananigusa na pasi ya mkaa. Wateja wakaniambia nipake mafuta haya, ninywe mizizi ile. Nilipaka, nilikunywa, nikanuka kama duka la dawa, na goti likabaki vilevile.

Ningevumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, nikiwa sijakasirika. Ila mwaka huo binti yangu, mtoto wangu wa pekee, aliyeolewa Magamba, alipata mimba. Mjukuu wa kwanza! Nilipoambiwa nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje kuuliza kama umeme umerudi.

Hapo ndipo goti likawa kesi. Kwetu, mwanamke akijifungua mtoto wa kwanza, mama yake ndiye anayemkanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto, kila asubuhi, mpaka kitovu kidondoke na mzazi apate nguvu zake. Binti angekuja kwangu, lakini ana banda la kuku wa mayai, na kuku wa mayai hawajui likizo ya uzazi. Mimi nami siwezi kuhamia kwake, kwa sababu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Hilo halina mjadala. Mama mkwe na mkwe hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja. Wakikutana njiani, aliye kwenye baiskeli anashuka, anageuka pembeni, wanasalimiana kwa adabu, kila mtu anashika njia yake. Kwa hiyo ilibidi niwe nakwenda Magamba kila alfajiri na kurudi, kwa baiskeli, na goti hilohilo.

Na kulikuwa na mtu ananisubiri nishindwe. Mama mzazi wa mkwe wangu, kule Majimoto, alinipigia simu. Ni mwanamke mwema, Mungu anisamehe, ana sauti ya asali. "Dada," akaniambia, "nimesikia habari za goti, pole sana. Wewe pumzika tu. Nitakuja mimi na mchele wangu, nitakaa kwa mwanangu, nitamwogesha mjukuu wetu." Yeye anaweza kulala pale, ni kwa mwanawe. Nikamwambia asante dada, ubarikiwe. Nilipokata simu niliitupa kwenye kikapu cha vipande vya nguo. Mjukuu wangu wa kwanza aogeshwe na mikono ya mtu mwingine wakati mimi nipo, mzima, nimekaa naangalia dari? Thubutu!

Nikaenda hospitali. Dada mmoja anayefanyisha watu mazoezi ya viungo alinilaza, akalikunja goti, akalikunjua, akaniuliza naendesha baiskeli gani. Nikamwambia iko nje, twende uione. Akaiona, akacheka. Pedeli ya kushoto ilikuwa imebaki chuma cha katikati tu, raba zake zilikatika zamani, kama baiskeli nyingi hapa kwetu, na juu ya chuma hicho mimi naweka ndala. Akasema mguu unateleza, unajipinda, na gharama yake inalipwa na goti. Baiskeli yenyewe haina ubaya, ila mguu utulie, gia iwe nyepesi, siti isiwe chini sana. "Tafuta pedeli nzuri," akasema. "Lakini mguu ukae unavyotaka wenyewe. Usiulazimishe."

Nilimsimulia binti yangu. Binti akamsimulia mumewe. Basi.

Inabidi nimweleze huyu mkwe wangu. Ni Mpimbwe wa Majimoto, fundi wa kuchomelea mageti, kijana mpole anayeongea kama anaomba radhi. Ana ugonjwa mmoja tu, baiskeli. Jumamosi yeye na wenzake wanavaa kaptula za kubana na kofia ngumu, wanakwenda mbali huko bila mzigo, bila shughuli, halafu wanarudi wamechoka na wamefurahi. Mara ya kwanza alipopita mbele ya kibanda changu na kaptula ile, hakujua kama nipo. Mimi ndiye niliyemwona. Yesu na Maria! Nilizama chini ya cherehani, nikakaa huko najifanya natafuta sindano, mpaka mteja akaniinamia akasema, "Fundi, si hiyo hapa kwenye mashine?"

Basi kijana huyo akaagiza vitu kwa marafiki zake wa mjini, vikaja na basi, na Jumapili moja baada ya misa wakaja kwangu yeye na mkewe. Binti akaingia ndani na maboksi mawili. Mkwe akabaki barazani. Pazia katikati.

"Mwambie mama kuna aina mbili," akasema.

"Mama, kuna aina mbili," binti akasema, na mimi nimeshasikia kama alivyosikia yeye.

Pedeli za namna ile nilikuwa sijawahi kuziona. Ni kidude kidogo tu chenye meno na springi. Chini ya soli ya kiatu kuna kichuma. Unakanyaga, kichuma kinaingia kwenye meno, kta! mguu umenaswa. Ukitaka kutoka unasukuma kisigino kwa nje, kta! uko huru. Nikauliza kwa sauti, bila kupitia kwa binti, "Na nikisahau kusukuma?" Kutoka nje nikasikia, "Mwambie mama asisahau."

Aina ya kwanza kichuma chake ni kikubwa na kiatu chake kigumu kama ubao, cha watu wa mashindano. Nikakivaa, nikajaribu kutembea sebuleni, nikawa kama mbuzi juu ya sakafu ya saruji. Binti alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema hapana, mimi nashuka kila mahali, nasalimia watu, naingia kwa watu, hiki ni kiatu cha mtu asiye na ndugu. Aina ya pili kichuma ni kidogo, kimefichwa ndani ya soli, unatembea kama na raba za kawaida. Halafu, mkwe akaeleza kupitia pazia, hii ya pili ina mchezo: mguu ukishanaswa, kisigino bado kinaweza kwenda kidogo huku, kidogo huku, goti halibanwi. Na springi inalegezwa kwa skrubu ili mtu atoke kirahisi. "Mwambie mama, kwa mtu wa goti usichague pedeli inayokaza, chagua yenye mchezo." Nikaipenda palepale. Nikasema hiyohiyo, nyingine rudisha.

Shida ikaja kwenye kupima. Kichuma lazima kifungwe kwenye soli kufuata mguu wa mtu unavyotazama. Mtu mwingine yeyote angenikalisha kwenye baiskeli, angenishika mguu, angeangalia goti likipanda na kushuka. Mkwe wangu aangalie goti la mama mkwe? Afadhali achomelee geti bila miwani. Wala mimi nisingekubali, tusidanganyane.

Tukatumia akili zetu. Binti akatandika karatasi yangu ya kukatia patani sakafuni, nikasimama juu yake ninavyosimama siku zote, naye akachutama na tumbo lake lile, akazungusha chaki yangu ya kitambaa kila mguu. Wa kulia ukatoka umenyooka. Wa kushoto ukatoka unatazama nje, vidole vinaelekea jikoni. Karatasi ikapitishwa chini ya pazia. Mkwe akapindua viatu soli juu, akaweka karatasi pembeni, akapima kwa umakini wa fundi mageti, akafunga vichuma, kisha akafunga na pedeli kwenye baiskeli. Akauliza mama anataka siti iwe wapi. Nikasema chini, miguu ifike ardhini, kama tunavyofanya sisi tunaobeba mizigo. Nikamsikia anaguna. Hakubisha. Utambishia vipi mama mkwe?

Wiki ile Nsemulwa nzima ilijua nina viatu vya kunasa. Nilianguka mbele ya mashine ya kusaga. Nilianguka mbele ya kanisa. Nilianguka nikiwa nimesimama, getini kwangu mwenyewe, taratibu kabisa, kama gunia linalojilaza. Akina mama wa jumuiya walinipa pole huku wamefunika midomo kwa khanga. Lakini niliipenda pedeli ile, jamani! Mguu hautelezi. Ukikanyaga baiskeli inakwenda, ukivuta mguu juu bado inakwenda. Nilijisikia msichana. Kuna siku nilimpita kijana mwenye baiskeli mpya ya Foniksi, nikageuka kumwangalia usoni.

Ila goti likazidi. Sijui nisemeje, lilizidi. Kila nilipofika kilimani lilichoma palepale kwa ndani, mara mbili ya zamani, na ule mchezo niliosifiwa nikawa siuoni. Na kusema sikuweza. Zawadi ya mkwe haisemwi. Ningemwambia binti, binti angemwambia mumewe, na yule kijana mpole angeona nimemtupia usoni. Yeye naye hakuweza kuuliza, maana kuuliza goti la mama mkwe linaendeleaje ni jirani na kuliona. Binti akiniuliza nasema, "Safi kabisa, mwambie mumeo asante." Halafu naingia ndani, nafunga mlango, nalikanda kwa maji ya moto na kulia. Nililia kweli. Tumbo la binti lilikuwa limeshashuka, siku zinakimbia, na mwenzangu wa Majimoto alikuwa ameshanunua beseni la mtoto, jekundu, akanitumia na picha yake kwenye simu.

Mpaka Jumamosi ile. Nilikuwa natoka Magamba kumwona binti, amenipa trei la mayai nimelifunga nyuma, nateremka kile kilima. Upepo mzuri, mahindi yamechanua huku na huku, na goti limetulia kwa sababu kwenye mteremko halina kazi. Mbele yangu nikaona kofia ngumu zinapanda. Mkwe na wenzake, na kaptula zao. Na safari hii hapakuwa na cherehani ya kuzama chini yake. Adabu inasema nishuke, nigeuke pembeni. Nikashika breki, nikasimama, nikatoa mguu chini kama mtu mwenye adabu zake. Mguu haukutoka. Nilikuwa nimesahau kisigino.

Nilikwenda chini mzimamzima, miguuni kwake, baiskeli juu yangu, mayai juu ya baiskeli.

Wenzake wakashika breki wote kwa pamoja. Mkwe akabaki amenyoosha mikono yote miwili, haisogei mbele, hairudi nyuma. Anataka kunishika, hawezi kunishika. Hatimaye akasema, "Mama... shikamoo."

Shikamoo! Nimelala chini, ute wa mayai unanishuka shingoni, ananiamkia! Nikaitikia marahaba, maana adabu ni adabu, halafu nikalipuka.

"Pedeli zako zinaniua goti, baba! Zinaniua! Tangu siku ya kwanza! Niinue hapa!"

Akaninyanyua. Alinishika mkono, akanishika kiwiko, akaniondolea baiskeli, akanikalisha ukingoni mwa barabara. Mbingu hazikuanguka. Mwenzake mmoja akaanza kucheka kwa pua, nikamtazama, akaacha.

"Mama," mkwe akasema, macho yamemjaa machozi, "mbona hukusema?"

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeulizaje, mama?"

Tukatazamana. Sikumbuki nani alianza, lakini tulicheka, mimi na mkwe wangu, tulicheka mpaka nikasahau nilipoumia. Siku ile nilimwona uso vizuri kwa mara ya kwanza. Kumbe ana mwanya.

Nikavua kiatu cha kushoto nikampa. Akakipindua, akakikagua, akaapa kwamba alifuata mchoro sawasawa. Akanionyesha kwa kidole jinsi alivyokilaza kichuma kuelekea upande huu, kama mguu ulivyolala kwenye karatasi. Nikautazama mguu wangu uliokuwa peku kwenye vumbi, vidole vinatazama nje kama kawaida yake. Nikatazama soli. Nikatazama mguu tena. Ndipo nikakumbuka sare za kwaya. Kuna mwaka nilikata mikono ya mashati ya kwaya nzima, nikachora upande wa nje wa kitambaa na upande wa ndani bila kuangalia, nikaishia na rundo la mikono ya kushoto. Kwaya ya watu wenye mikono miwili ya kushoto, hebu fikiria.

"Baba," nikasema polepole, "ule mguu ulichorwa kwa juu."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umefunga kwa chini."

Akakigeuza kiatu tena.

"Kitambaa ukikipindua, kushoto kunakuwa kulia! Umekata kwa upande wa ndani, baba! Mguu wangu unatazama nje, wewe umeufunga utazame ndani!"

Akajipiga kofi kwenye kofia yake ngumu, pa! Akaanza kueleza mbio mbio, mkwe wangu yule anayeongea kama anaomba radhi: ndiyo maana sikuuona mchezo, mchezo wote ulikuwa unaishia njiani kabla mguu haujafika unapopataka, na goti likabaki linavutwa. Kama angeuona mguu wangu mara moja tu kwa macho yake angejua palepale. Akachomoa spana ndogo kwenye mfuko wa mgongoni. Kisha akasita.

"Mama, naomba niuone mguu."

Nikavuta pumzi. Nikatazama barabara juu, nikatazama barabara chini. Nikawaambia wale wenzake, "Nyie, geukeni huko, mtazame mahindi." Wakageuka wote, na kofia zao, wakatazama mahindi. Nikapandisha kitenge mpaka gotini.

Aliuangalia kama fundi anavyoangalia kazi. Akalegeza kichuma, akakigeuza, nikavaa, nikanasa, akashika baiskeli nikakanyaga kinyumenyume, akaangalia goti likipanda na kushuka, akasema bado kidogo, akalegeza tena, akakaza. Mwisho akasema, woga wake wote umerudi, "Na siti, mama. Naomba radhi. Iko chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi." Nikamwambia ipandishe, nani kakuzuia? Akaipandisha kama upana wa kiganja. Nikaona niko juu ya dunia.

Nikageuza baiskeli, nikakipanda kile kilima kurudi nilikotoka. Gia nyepesi, kama nilivyoambiwa. Nikasubiri pasi ya mkaa. Nikafika katikati, nikasubiri. Nikafika juu, jamani, goti limenyamaza! Nilipiga vigelegele peke yangu pale kileleni, na chini nikasikia wale vijana wanashangilia, bado wanatazama mahindi.

Niliporudi chini nilimwambia mkwe kwamba kumshika mama mkwe kuna faini ya kuku. Akasema kuku wote ni wa mkewe. Nikamwambia basi akamuombe, na akamweleze na habari za mayai. Tukakubaliana Majimoto wasijue lolote.

Mtoto alikuja salama, wa kike. Binti aliporuhusiwa kutoka zahanati, kesho yake alfajiri mkwe alinipigia simu mwenyewe, jogoo wanawika, bila "mwambie mama".

"Mama, tulifika nyumbani jana usiku. Ila mama wa Majimoto amepanda basi la kwanza. Na ana beseni."

Sikumaliza hata chai. Nilifunga viatu, nikatoka. Ukungu ulikuwa bado umelala mashambani, wanaokwenda kulima walinisalimia nikawaitikia bila kupunguza mwendo, naimba wimbo wa kwaya kwa sauti ambayo kwaya walishaniomba niishushe. Kta ya kushoto, kta ya kulia, kilima hiki hapa, kilima kile nyuma. Nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Kwenye njia ya kuingilia kwao alikuwa amesimama mkwe, ananisubiri. Nikashika breki, nikasukuma kisigino kwa nje, kta, mguu chini, nikashuka kama malkia, nikageuka pembeni inavyotakiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hongera sana. Basi limefika?"

"Bado, mama."

"Basi nipishe."

Nilimkanda binti yangu. Nikajaribu maji ya mtoto kwa kiwiko, nikamshusha taratibu, akakunja uso kama mteja aliyekuta nguo yake haijashonwa. Nilimwogesha kichwa, shingo, makwapa, kila mkunjo, kwa mikono yangu ambayo imeshika vitambaa vya watu miaka yote hii. Nilimwambia mengi yule mtoto. Nilimweleza habari za kilima.

Mwenzangu wa Majimoto alifika tumeshamaliza, vumbi mpaka kwenye nyusi, beseni jekundu kichwani na kiroba cha mchele juu ya beseni. Nilikuwa nimemwandalia maneno, niliyafanyia mazoezi njia nzima. Nilipomwona anavyomtazama mtoto, maneno yakapotea. Nikampa ampakate. Nikamwambia kesho tutatumia beseni lako, dada, maana hili langu dogo. Akalia, nikalia, binti akatuambia jamani nyie mtamwamsha mtoto.

Tukamfunua kumkagua, kama mabibi wanavyofanya. Pua akaichukua yeye, ni ya Majimoto, nikamwachia. Masikio tukagawana. Tulipofika miguuni nikainama zaidi. Kijiguu cha kulia kilikuwa kimenyooka. Kile cha kushoto, kidogo kama ndizi ya kisukari, kilikuwa kinatazama nje.

Nikapaza sauti kuelekea kwenye pazia. Mkwe alikuwa nje, barazani, mahali pake.

"Baba! Huyu mguu wake wa kushoto unatazama nje. Siku ya kumnunulia kiatu, usichorewe. Uje umpime kwa macho yako."

Binti yangu akainua kichwa kwenye mto, ameshajiandaa kuambiwa "mwambie mama".

"Sawa, mama," mkwe akanijibu mwenyewe. "Nimpime kwa juu au kwa chini?"

Mwenzangu wa Majimoto akanigeukia mdomo wazi, maana hakuwahi kumsikia mwanawe akimtania mtu, sembuse mama mkwe. Nilicheka mpaka mtoto akaamka.